Baraza la Bahari Juu ya Kilima

Kwanza niseme wazi: mimi si mtu wa kusafiri kwenda kuangalia ukungu. Ukungu tunao hapa Gasorwe, tena wa bure, unaingia mpaka jikoni na kuni zinakataa kuwaka. Kwa hiyo baba mkwe wangu aliponiomba nimpeleke Gitega akauone ukungu wa kule, nilimuuliza kama usiku alilala vizuri.

"Si ukungu," akasema. "Ni bahari."

Basi, ukishaolewa na mtoto wa mtu wa namna hii, huna pa kukimbilia.

Nimweleze kidogo mumjue. Ni mzee mfupi, mkavu, mwenye sugu magotini kubwa kuliko za kiganjani. Watu wa mtaa wanamwita Baba Crispin, kwa jina la mume wangu, na mimi namwita baba. Kila Jumamosi, tukisharudi kutoka kwenye kazi za jamii, anatoa viti nje, anatoa mikeka, anatoa kuku, na mimi pia ananitoa, halafu anapiga magoti na kuanza kuisugua sakafu. Sakafu ya udongo, jamani, wala si ya vigae. Anaisugua kwa jiwe laini na kitambaa kibichi, anaanzia ukuta wa mbali na kurudi kinyumenyume mpaka mlangoni ili asikanyage alichokimaliza. Haingii mtu mpaka ikauke. Nimewahi kusimama nje na sufuria ya maharage mkononi, manyunyu yananishukia, namsihi, na yeye ananijibu kwa upole kabisa, "Subiri kidogo, mama Anisia." Anisia ni binti yangu wa kwanza. Moyoni nilimpa mzee majina ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu wa kanisa. Lakini ikishakauka, ukavua viatu ukaikanyaga ile sakafu, ubaridi wake ukapanda miguuni, hasira yote inaisha hujui imekwenda wapi.

Kazi hiyo alijifunzia Gitega alipokuwa kijana, kwenye hoteli ya Mbelgiji mmoja. Huyo Mbelgiji alitoka mji wa pwani huko kwao, na alipofika katikati ya Burundi, ambako maji ni ya mto na ya mvua tu, alishikwa na hamu ya bahari mpaka akajenga juu ya kilima hoteli yenye baraza la pwani. Watu walimcheka. Lakini alfajiri, mvua zinapokuwa zimeanza, ukungu hujaa bondeni, mweupe, umelala sawasawa kutoka kilima hadi kilima. Hapo Mzungu anatoka na kikombe chake cha kahawa, anapita mlango kwa mlango akiwaita wageni kwa majina yao: Bwana fulani, Bibi fulani, bahari imefika. Wageni wanatoka na mablanketi mabegani, wanasimama kwenye ukuta wa baraza, na wote wananyamaza.

Baba mkwe alikuwa palepale nyuma yao, amepiga magoti, anang'arisha sakafu kwa sira, ile nta nyekundu. Akiwa ameinama hivyo, ukuta ulimpita kichwa. Alichoona ni visigino vya wageni na migongo yao. Mfanyakazi hakuruhusiwa kuusogelea ukuta. Akimaliza anatokea mlango wa jikoni. Miaka yote aliyofanya kazi pale alisikia watu wakinyamaza, na hakujua wanachokinyamazia.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji. Wanaoujua wanaujua. Alivuka mpaka na nguo za mwilini, akaishia Mishamo, katika msitu wa Tanzania ambao wakimbizi walipewa waufyeke wenyewe. Huko ndiko alikooa, ndiko alikomzika mama mkwe wangu, na ndiko tulikozaliwa mimi na Crispin. Tuliporudi Burundi tulikuta kilima chao, kule upande wa Gitega, kina watu wengine, wana migomba iliyokomaa na makaburi yao tayari. Ikabidi tutafutiwe kiwanja huku Gasorwe, mkoani Muyinga. Sisi wengine tulilalamika mpaka sauti zikakauka. Yeye aliangalia sakafu ya nyumba tuliyopewa, akatoka kwenda kutafuta jiwe laini.

Sasa, mwaka jana jicho lake la kushoto lilifunga duka. Mtoto wa jicho, daktari alisema, na la kulia nalo linafuata. Kupasuliwa hataki, amesema kisu kitamkuta amekufa. Mambo yakiwa hivyo, siku moja redio ikatangaza kwamba lile baraza la Gitega limewekwa chini ya ulinzi, ni urithi wa nchi, hakuna wa kulibomoa tena. Nikafurahi kwa ajili yake. Mtangazaji akaendelea: litazungushiwa mabati kwa matengenezo, na kufunguliwa kwake kutatangazwa baadaye. Hiyo baadaye tunaijua sote.

Mzee akanigeukia na lile jicho moja. "Likifunguliwa tena mimi sitaona," akasema. "Nataka kuona walichokuwa wanakiona."

Nilitafuta pa kukasirikia nikapakosa. Crispin alikuwa ng'ambo ya mpaka kwenye vibarua, hivyo kazi ilikuwa yangu. Mafuta yalikuwa yameadimika, tulikaa Muyinga mjini tukingoja gari mpaka nikawajua wauza karanga wote kwa majina, na mzee hakulalamika hata mara moja, jambo lililoniudhi zaidi. Tulifika Gitega, tukalala kwa dada mmoja wa kanisani tuliyekua naye Mishamo, na kesho yake mchana tukapanda kwa miguu kwenda hotelini.

Hapo niwaombe radhi wote niliowacheka.

Nilikuwa nimejiandaa kuona gofu. Gofu lilikuwepo, sikatai: madirisha yamezibwa kwa mbao, nyasi zimeota kwenye mabomba ya paa. Lakini lile baraza, jamani. Linatoka ubavuni mwa nyumba na kwenda mpaka ukingo wa kilima, na mwisho wake halina kona. Limezungushwa, likajitokeza mbele kama ile meli niliyoiona Kigoma. Nguzo zake ni za mviringo, za matofali ya kuchoma, na kila tofali limetengenezwa na mpindo wake tangu likiwa udongo mbichi, ili nguzo ikikamilika mkono uizunguke bila kukuta pembe. Juu ya nguzo kuna matao, moja baada ya jingine, na juu ya matao dari ya matete yaliyosukwa kwa mistari myeusi na myeupe, msuko wetu wa vikapu, ila mkubwa kuliko nyumba yangu. Nani alipanda juu akasuka vile akiwa amelala chali? Nilisimama na mdomo wazi. Kivuli chenyewe cha pale kilikuwa na ubaridi wa namna yake, na sauti za mjini, pikipiki na yote, zilikuwa zimebaki mbali.

Zamu, yaani mlinzi wa pale, akaniamsha. Jina lake Radjabu, mtu wa Gitega hapohapo, ana koti la mvua wakati jua linawaka.

"We mama, hapa hapaingiwi," akasema. "Iko patrimwani."

Nikamwambia najua ni patrimwani, urithi wa nchi, redio nasikiliza, na huyu mzee ni wa hapa kabla yake. Akasema atamwita mkubwa, lakini kwanza nimpe jina la mzee. Nikamwambia Baba Crispin. Akasema kina Baba Crispin ni wengi Burundi nzima, anataka jina lenyewe. Nikamjibu amuulize mwenyewe, maana kwetu mkwe hataji jina la baba wa mumewe, hata nyumba iwe inaungua. Lakini mwenyewe alikuwa ameshasogea, ameliegemeza shavu kwenye nguzo, macho kafumba. Radjabu alimwangalia, akaacha maswali, akaenda kumwita mkubwa.

Mkubwa akatoka: mwanamke mmoja kijana mwenye vumbi la chokaa mpaka kwenye nyusi, Madamu Sandrine, mtu wa Bukavu. Ndiye msanifu majengo aliyepewa baraza hilo alitunze. Kiswahili chake kilikuwa cha Kivu, kina neno iko kila kona na Kifaransa kimenyunyizwa juu, lakini mtu anayependa kitu unamwelewa kwa lugha yoyote. Nilipomweleza mzee anataka nini, alianza kutuonyesha lile baraza kama mtu anayeonyesha mtoto wake.

Alisema ukuta ule wa mbele haukujengwa kwa kubahatisha. Aliyeujenga alipima jicho la mtu aliyesimama, akaupandisha ukuta mpaka pale ambapo mteremko, barabara na mapaa ya chini vyote vinapotea. Jicho linaruka moja kwa moja hadi bondeni. Tao la katikati ni pana kuliko wenzake, ili ukitoka mlangoni uvutwe upande huo bila kujua umevutwa. Na sakafu imeinamishwa kidogo sana kuelekea mbele. Mvua inajua njia, na mtu naye anatembea kuelekea ukutani akidhani ni kupenda kwake.

Akatuambia pia kilichotaka kutokea. Gitega ilipofanywa makao makuu, kila mwenye nguvu alitaka kiwanja, na pale mbele ya baraza, chini kidogo, palikuwa panatakiwa ghorofa. Wenye ghorofa walisema hawaligusi baraza, libaki tu nyuma yao. Yeye na wenzake walipigana nao muda mrefu mpaka ulinzi ukaandikwa kujumuisha na bonde.

"Hata ile hewa ya mbele iko patrimwani," akasema. "Tukiipoteza ile, hapa tunabaki na matofali tu."

Nimeshasikia watu wakigombea shamba, wakigombea ng'ombe, wakigombea mpaka wa kupanda mihogo. Kugombea hewa isijengwe, na kushinda, sijawahi kusikia. Nilimtazama yule binti nikamheshimu sana.

Kisha akatoa habari mbaya. Chini ya baraza kuna stoo, na mbao zinazobeba sakafu zimeoza. Hawezi kuweka kiti, hawezi kuweka watu. Mafundi wanaleta mabati kesho saa za asubuhi. Ila kukiwa kunapambazuka, kabla hawajaja, mtu mmoja mwepesi anaweza kupita akifuata mstari wa chaki aliouchora sakafuni, pale ukuta wa stoo unapopita chini, mpaka mbele. Akamwangalia mzee, mwili wote mifupa. "Na huyu ni mwepesi," akasema. Mzee akainamisha kichwa, akamshukuru kwa mikono miwili.

Kesho yake tulifika giza likiwa linaondoka. Radjabu alikuwa ameinua kamba tayari. Mzee alivua viatu, akaviweka pembeni vimetazama jikoni, akaingia barazani akifuata chaki. Sisi tulibaki mlangoni. Kupitia kwenye matao niliona weupe tu, weupe mtupu, hakuna mti wala paa. Alitembea taratibu mpaka mbele, mpaka kwenye ukuta wenyewe. Nikasema asante Mungu, amefika.

Akapiga magoti.

Nilidhani anasali. Hasali. Alivua sweta lake, akalikunja, akaanza kuisugua sakafu, mikono inazunguka, kichwa chini ya ukuta. Akamaliza kipande, akarudi nyuma goti moja, akaanza kingine. Anarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, anaiacha bahari yake huko mbele.

Madamu Sandrine akamwita kwa upole, "Mzee, simama basi, uangalie."

"Asante, madamu," akajibu, na mikono haikusimama.

Upande wa mashariki kulikuwa kumeanza kuwa na rangi. Nalijua jua la kwetu. Likishaugusa ukungu, ukungu hauna muda. Nikasahau adabu, nikapaza sauti. "Baba, unafanya nini? Simama."

Hakuinua hata uso. Alisema kama anavyoniambia nisubiri nje na maharage, "Sijaitwa, mama Anisia."

Nikamwelewa palepale, na ilinichoma. Haikuwa ukaidi wala utani. Wageni walikuwa wanaitwa, kila mmoja kwa jina lake, ndipo wanausogelea ukuta. Kuambiwa simama tu hakutoshi: hilo wafanyakazi nao walikuwa wanaambiwa, tena ili wapishe. Ameishi Mishamo, ameishi Gasorwe, amezika, amelea wajukuu, lakini mwili wake ulipoikanyaga sakafu hii ulirudi kwenye zamu ya zile asubuhi, unangoja sauti ya mtu aliyekwisha kufa. Nilimkasirikia yule Mbelgiji kaburini kwake. Nilikasirikia ukuta mzuri vile uliopimwa kwa jicho la mtu aliyesimama, na aliyepiga magoti nani alimpima?

"Anaitwa nani?" Madamu Sandrine akaninong'oneza. "Niambie, nimwite mie."

Tangu nimeolewa jina lile halijapita midomoni mwangu. Hata kanisani wakisoma majina ya wagonjwa, likifika lake mimi nakohoa. Na hata ningemtajia huyu binti, nisingekuwa nimelitaja? Halafu angeitwa na nani, na mgeni tena? Wa kwao pale nilikuwa mimi peke yangu.

Mwanga ulikuwa umefika kwenye matao.

"Gervasi," nikaita. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, ikagonga dari na kurudi. "Bwana Gervasi. Bahari imefika."

Mikono yake ikasimama. Alikaa hivyo, amelishika sweta, nikaogopa kwamba nimemvunjia heshima na sasa sina tena baba mkwe. Kisha akajifuta viganja kwenye suruali, kimoja, halafu kingine. Akaishika nguzo, akajivuta juu. Akalitandaza sweta mabegani kama blanketi. Akatembea mpaka ukutani, akaweka mikono yote miwili juu yake.

Niliambiwa mtu mmoja tu. Nilivua viatu nikamfuata kwenye chaki. Madamu Sandrine alinishika gauni, kisha akaniachia.

Nilisema ukungu tunao Gasorwe. Sina haya ya kukiri kwamba sikuwa najua ninachosema. Kilima kilikuwa kimetoweka chini ya miguu yetu, mji umetoweka, barabara imetoweka. Mbele ya ukuta kulikuwa na weupe uliolala kimya mpaka mwisho wa macho, na juu yake mwanga wa jua ukija polepole, waridi, kisha dhahabu. Haukuwa na sauti. Nilitamani kila mtu niliyewahi kumpenda awe amesimama hapo, na mama yangu aliyelala Mishamo, na mama mkwe wangu.

Kisha ukaanza kufunguka. Kilitoka kichwa cha kilima kimoja, cheusi, peke yake katikati ya weupe. Kikatoka cha pili, na mistari ya migomba juu yake, na moshi wa mtu anayepika. Mzee alilikaza lile jicho lake moja. Midomo ilikuwa inatembea kabla sauti haijaja. Akanyoosha kidole kwenye kile cha pili, chini kabisa, mahali ambapo ukungu ulikuwa bado mzito.

"Mama Anisia," akasema, "kumbe ni kwetu."

Nikamuuliza wapi.

"Pale. Pale ndipo palikuwa nyumba ya baba yangu. Ndiyo njia niliyokuwa napandia kuja kazini, nafika nimelowa mpaka mifupani." Machozi yalikuwa yanamshuka kwenye macho yote mawili, na lile lisiloona. "Wao walikuwa wanaiangalia bahari, na mimi kila asubuhi nilikuwa natokea humo ndani."

Tulisimama pale hadi kile kilima kikatoka chote, na kule nyuma nikawasikia mafundi wanashusha mabati.